Mnyama wa Mgeni

Rhamu, 12 Januari 2025

Abaayo Kaltun,

Assalaamu alaykum. Ikiwa karatasi hii imekukuta mzima, na goti la Hooyo mama yetu limetulia, basi mimi huku sina la kulalamikia. Vitunguu vimeshika, mto Daua bado una maji, mashine ya kuvuta maji imegoma mara moja tu tangu mwezi uanze. Wakulima wananiita "serikali" wakiwa na hasira na "Rage" wakiwa na chai. Ndiyo kazi ya afisa kilimo.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nikipiga simu hupokei, au unapokea mnara unakatika, na mimi siwezi kujua ipi ni ipi. Kulow anateremka Garissa na lori lake, nimempa. Najua utacheka, kaka na dada Wasomali kuandikiana Kiswahili. Lakini Kisomali tulifundishwa kusema, kuandika tukafundishwa hiki.

Sasa sikiliza. Unamkumbuka Mtu wa Fimbo, yule wa mchezo wetu wa kompyuta?

Wamemtoa upya, walaahi. Nimemwona kwenye simu. Kanzu ileile, fimbo ileile, jangwa lilelile lenye milango iliyosimama yenyewe bila nyumba. Nilitazama ile picha kama mtu aliyekutana sokoni na jirani wa utotoni. Nikasikia harufu ya kile chumba chetu, vumbi la kompyuta likipata moto na uvumba wa Hooyo ukiingia kwa mlango. Unakumbuka tulivyokuwa na hakika kwamba anatafuta ngamia aliyepotea? Maana mtu mwenye akili timamu atembee jangwani peke yake na fimbo kwa sababu gani nyingine? Kiingereza cha mchezo hatukukielewa, tukajipa hadithi yetu.

Kuna matoleo mawili. La kwanza ni la mtu mmoja: unanunua, unaliweka kwenye simu, unacheza peke yako hata ukiwa malishoni Ijara. La pili ni la mtandaoni: watu wawili wanaingia pamoja, kila mmoja na simu yake popote alipo, na mafumbo hayafunguki mpaka wasaidiane. Abaayo, hilo la pili ndilo letu. Wewe Garissa, mimi Rhamu, tukishaswali Isha. Huku giza likiingia hakuna kutoka nje, wenzangu wa ofisini wameomba uhamisho mmoja mmoja, jioni ni ndefu kuliko mchana. Tununulie hilo, wewe ndiye mwenye duka na ujuzi wa vitu hivi.

Tulikuwa tunacheza vizuri sana, mimi na wewe.

Mbusu Hooyo mkono.

Aboowe wako,
Rage


Garissa, 21 Januari 2025

Aboowe Rage,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima. Goti la Hooyo linauma baridi ikija na linauma joto likija, kwa hiyo linauma. Anauliza utaoa lini, nimemwambia aandike mwenyewe. Vitunguu ulivyompa Kulow vimefika. Gunia la chini limeoza. Mwambie mkulima wako asilaze vibichi chini ya vikavu halafu anitumie salamu.

Nimesoma habari za huo mchezo wako, kwa sababu mimi sinunui kitu kwa harufu ya uvumba. Toleo la mtu mmoja unalipa mara moja, ni lako hadi simu ife. La mtandaoni ni rahisi mlangoni, kisha unalipa kila mwezi kama kodi ya nyumba, na bando juu yake. Kwa mwaka linafika mara tatu ya lile la kwanza, na mwaka ukiisha huna kitu mkononi. Halafu mnara wenu. Nina wateja wa huko kwenu Mandera, wananiambia ukweli ambao wewe huniambii. Toa wiki ambazo mnara umelala, toa siku zako za mashambani, toa jioni ninazochelewa kufunga duka. Inabaki robo. Robo ya kitu, kwa bei mara tatu, ni biashara ya mjinga.

Hiyo ilikuwa hesabu. Kuna hii nyingine.

Umeandika "tulikuwa tunacheza". Rage, wewe ulikuwa unacheza. Mimi nilikuwa nimekaa kando yako juu ya mtungi wa plastiki nikisema, jaribu ile ya juu, zungusha, hapana, rudi. Kibodi ile sikuigusa hata siku moja. Baba yetu Aabo, Mungu amrehemu, aliipata kompyuta ile shirika alilokuwa akiliendeshea gari lilipofunga ofisi. Akaiweka mezani, akasema, "Ya Rage, ya masomo." Sawa. Nikamfumbulia yule mtu milango kumi na moja kwa mdomo tu. Ulipokwenda bweni nikasema, alhamdulillahi, zamu yangu. Nikaoga kabisa, nikakaa kwenye kiti. Aabo akaingia, akachukua kile kitambaa cha maua cha Hooyo, akaifunika. "Mwenyewe hayupo," akasema.

Miaka miwili nilipangusa vumbi juu ya kitambaa. Kisha akampa mtu wa Tarbaj.

Mimi nikamaliza la nane, nikaanza kuuza kadi za simu juani, soko la Suq Mugdi. Baadaye chaja. Baadaye nikajifunza kutengeneza simu kwa kuharibu simu. Leo nina duka na vijana wawili ninaowalipa tarehe moja, si tarehe tano. Hakuna aliyenifungulia.

Basi nimenunua toleo la mtu mmoja. Moja tu, na ni langu. Wewe nunua unalopenda.

Kulow anapiga honi kama mwendawazimu.

Abaayo wako,
Kaltun


Rhamu, 10 Februari 2025

Abaayo,

Salaam, na natumai hasira imepungua kuliko goti la Hooyo. Malalamiko yako ya gunia nimeyapeleka kwa mkulima, amesema lilioza njiani kwa sababu Kulow aliketisha mbuzi juu yake. Kulow amesema mbuzi alikuwa msafi. Mimi nimeacha.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Habari ya kitambaa sikuijua. Nilipokuja likizo ile ya kwanza nilikikuta juu ya kompyuta nikadhani Hooyo anaikinga na vumbi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Kaltun. Sikupanga mimi nani aende shule na nani auze kadi.

Lakini acha nikubishie kidogo, maana ukiniandikia hesabu na mimi nina yangu. Unasema hukuwa na mkono. Ndiyo maana nikataka la mtandaoni! Huko kila mtu ana mtu wake, fimbo yake, mkono wake. Hakuna wa kwenye kiti na wa kwenye mtungi. Unachokataa ni kile hasa ulichonyimwa.

Ama unachokataa ni mimi?

Nimejinunulia la mtandaoni. Usipoingia na mtu unayemjua, lenyewe linakuunganisha na yeyote aliye macho duniani. Nitacheza na hao. Nafasi ya rafiki nimeiacha wazi, nimeandika jina lako. Si lazima.

Aboowe wako,
Rage


Garissa, 24 Februari 2025

Aboowe Rage,

Salaam kwako na kwa jioni zako ndefu. Hooyo ameanza kununua tende za Ramadhani kana kwamba kuna vita.

Umeniuliza swali nami nalijibu. Sikukatai wewe. Nakataa sauti yako. Ukiwepo, hata Rhamu, nitakusikia unavuta pumzi nikikosea. Nami nataka kukosea mwenyewe. Kila mlango wa zamani nilipopatia, wewe ndiye ulibonyeza. Nilipokosea, ulisema "si nilikwambia", na hukuwa umeniambia. Sijui kama ningeweza. Hilo tu. Nina miaka thelathini na mbili, nafungua simu ya mtu na kuitoa roho na kuirudisha, na sijui kama ningeweza.

Sasa ngoja nikuambie. Nilifunga duka, nikawaambia vijana waende, nikaketi juu ya kaunta na simu mkononi kama mwizi. Mtu wa Fimbo akatokea. Nikagusa kioo, akatembea! Nikamgongesha ukutani. Nikamgeuza, nikamgongesha tena. Nilicheka hadi mlinzi wa nje akauliza, "Mama, kuna nini humo?" Nikamwambia nahesabu mauzo. Akasema, "Basi leo mmeuza."

Ile milango kumi na moja niliifungua kwa wiki moja, na mitatu kati yake nilikosea kabisa, kwa raha zangu. Sasa niko wa kumi na mbili. Hapa hatukuwahi kufika mimi na wewe. Ni kama kutoka nje ya mji upande ambao hukuwahi kupelekwa.

Onyo: usiniandikie jibu la fumbo lolote. Hata kidokezo. Ukiandika, nitaijua barua kwa kuigusa, nitaitumia kufungia mandazi.

Ramadhani kareem.

Abaayo wako,
Kaltun


Rhamu, 6 Aprili 2025

Abaayo Kaltun,

Eid mubarak, ijapokuwa imepita. Mungu azikubali funga zenu. Nilitaka kuwapigia asubuhi ya sikukuu nikapanda hadi kilimani na simu juu kama mtu anayeomba mvua. Mnara ulikuwa umekufa tangu katikati ya Ramadhani. Hesabu yako ya robo ilikuwa na huruma, ukweli ni chini ya hapo.

Mchezo nimecheza siku mnara ulipokuwa hai. Nimeunganishwa na watu sijui wa wapi. Hawaongei. Wanakimbia mbele, wanabonyeza, wanaondoka. Nimejikuta namwambia mmoja kwa Kisomali, "Ngoja basi, tazama ile picha juu ya mlango kwanza," halafu nikakumbuka hanisikii, na hata akinisikia hataelewa.

Wewe umefika wapi? Sitoi kidokezo. Katika chumba cha  — nimekifuta, usifungie barua hii mandazi.

Aboowe wako,
Rage


Garissa, 19 Aprili 2025

Aboowe Rage,

Salaam. Eid ilikuwa nzuri, nyama ilikuwepo, wewe hukuwepo. Hooyo alikuwekea sahani yako, kisha akaila yeye mwenyewe akisema isiharibike.

Nimekwama, na sitaki msaada. Nakuandikia kulalamika tu.

Mlango wa kumi na nne ni kisima. Kina maji ndoo tatu, wala hayaongezeki hata tone. Mtu wa Fimbo ana wanyama watatu, sijui ni punda au ni nini, wamechorwa na watu wasiowahi kuchunga. Ng'ambo ya hori la kunyweshea amesimama mtu mwingine, msafiri, na mnyama wake mmoja aliyekonda mbavu zinahesabika. Hasemi kitu. Amesimama tu.

Fumbo gani hapo? Ndoo tatu, wanyama wako watatu, unanywesha, lango linafunguka, unapita. Mtoto wa chekechea atalifumbua. Nililijua jibu kabla picha haijatulia.

Mkono haukwenda, Rage. Mkono wangu mwenyewe, ambao nimeungoja miaka yote hii, ulichukua ndoo ya kwanza ukampelekea mnyama wa yule msafiri. Akanywa. Msafiri akageuka akaenda zake, hata shukrani hakuna. Wangu mmoja akabaki na kiu, lango likafungwa, nikarudishwa mwanzo. Nikarudia. Nikampa tena! Mara ya tatu nikasema, Kaltun, acha ushamba, huyu si mtu, ni kompyuta. Nikapeleka ndoo kwa mnyama wangu.

Hooyo alikuwa nyuma yangu. Alileta chai, sikumsikia.

"Huyo aliyesimama ni wa nani?" akauliza.

"Ni msafiri tu, Hooyo."

"Ametoka mbali?"

"Sijui. Amechorwa hivyo."

"Mnyama wake amekwisha, na wewe unanywesha wako walionona? Mbele yake?" Akaiweka ile chai kwa kishindo. "Kisimani kwa baba yangu mgeni alinywesha kwanza hata akiwa adui. Kesho yake mngepigana, sawa. Lakini mnyama wake alikuwa ameshakunywa."

"Hooyo, ni mchezo."

"Basi cheza kama mtu aliyezaliwa na mtu."

Akachukua chai yangu akaondoka nayo. Rage, wiki nzima sasa ananipikia lakini hanisemeshi mezani, anaisemesha redio. Nikimwambia nikimnywesha mgeni kwanza sipiti, anasema usipite.

Jibu ninalo. Ndilo linaloniudhi.

Abaayo wako,
Kaltun


Rhamu, 11 Mei 2025

Abaayo Kaltun,

Salaam nyingi, na kwa Hooyo zaidi, mwambie nimecheka mpaka jirani akanigongea ukuta. Mvua imenyesha, Daua imepanda, tumehamisha mashine juu kwa mabega. Mgongo wangu na goti lake sasa ni ndugu.

Habari ya kisima chako nimeisoma. Lako silitolei jibu. Lakini toleo langu ni tofauti, na nitakalosema halitakusaidia kwako, kwa hiyo si kidokezo.

Mtandaoni, yule msafiri ni mtu.

Mmoja wenu anawekwa upande wa ndoo, mwingine anawekwa ng'ambo. Mimi niliwekwa ng'ambo. Nilifika na huyo mnyama wangu wa mbavu. Ndoo siifikii, kamba siifikii, naweza kusimama tu. Upande wa pili alikuwepo mtu, Mungu anajua ni wa Brazil au wa Thika. Akanywesha wake watatu haraka haraka, lango lake likafunguka, akapita. Mchezo ukaniambia nisubiri mwenzangu mwingine. Akaja. Naye vivyo hivyo. Nimewahesabu mpaka nikaona aibu kuhesabu. Jioni baada ya jioni nimesimama kwenye hori na simu mkononi, nje giza, nikitazama watu wakinywesha wanyama walioshiba.

Maelezo ya mchezo yanasema mwenye ndoo akimpa mgeni kwanza, mnyama wa mgeni hupata nguvu ya kuzungusha gurudumu lililo upande wake, na maji hupanda tena, na wote wawili hupita pamoja. Ndivyo yasemavyo. Mimi sijawahi kuliona gurudumu likizunguka. Labda wanadanganya.

Kaltun, sikuombi uingie. Pita kwako, umalize, ni haki yako. Nimekueleza tu kwa sababu hapa hakuna mtu ambaye ningemwambia kwamba nimesikitishwa na punda wa kuchorwa nisionekane nimerukwa na akili.

Mnara unapepesuka. Kulow anasema wale wenye bunduki wakiuangusha tena, safari hii kampuni haitaujenga upesi.

Aboowe wako,
Rage


Garissa, 1 Juni 2025

Aboowe Rage,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Kulow ameniambia mnara wenu umeanguka kweli, na kwamba wewe u mzima, ila umekonda. Nimemuuliza kiasi gani, akasema, "Kiasi cha Rage." Nimekutumia siagi ya Hooyo, kopo moja la nyama kavu ya nyirinyiri, na chaja ya jua. Usigawe ofisini.

Nimemaliza mchezo.

Sikia nilivyofanya. Niliwanywesha wangu. Nilifanya mchana, Hooyo akiwa kwa jirani, na yule msafiri nikampa kisogo kwa kumgeuza Mtu wa Fimbo upande mwingine. Lango likafunguka. Baada ya hapo milango ilikuja mmoja baada ya mwingine, na baadhi ilikuwa migumu kuliko yote ya utoto wetu, na niliifungua yote. Mimi. Wa mwisho niliufungua Jumanne, mteja amesimama mbele yangu anaulizia kava ya simu, nikamwambia, "Dada, ngoja, niko kazini." Mtu wa Fimbo hatafuti ngamia. Anatafuta saa iliyosimama. Safari yote ile, saa! Nilikasirika dakika nzima, halafu nikafurahi kuliko nilivyofurahi siku nilipopata funguo za duka. Nilitembea nyumbani kwa miguu nikiwa mrefu. Sasa najua kwamba ningeweza. Hata kama Aabo angefunika kompyuta za dunia nzima, hili limeshajulikana.

Nilitaka nikuandikie hilo tu nimalizie hapo.

Lakini jana nilirudi kile kisima. Mchezo ukiisha unakuruhusu kurudi mlango wowote. Yule msafiri bado amesimama na mnyama wake. Nikampa ndoo, akanywa, akageuka akaenda, kama siku zote, kwa sababu hakuna mtu ndani yake. Nikakaa nikafikiria kwamba mahali fulani kuna hori hilihili, na upande wa pili kuna mtu, na mtu huyo ni mtoto wa mama yangu, na wanampita.

Basi nimepiga hesabu. La mtandaoni bado ni mara tatu. Robo imekuwa sifuri, maana nimelipia mtandao wa mahali pasipo na mnara, na hakuna ajuaye utasimama lini. Mfanyakazi wangu akininunulia bidhaa kwa akili hii namfukuza kabla ya adhuhuri. Nimelipia mwaka mzima, kwa sababu kwa mwezi mmoja mmoja wanakuibia.

Nimewekwa kwenye nafasi uliyoiacha. Anayeingia kama rafiki hachaguliwi, wakauliza nitakuwa upande gani. Nimechukua ndoo, na ndoo siitoi. Nimefika hadi kisimani na watu baki, nikawanywesha wanyama wao kwanza. Rage, gurudumu linazunguka. Halikuwa uongo. Hooyo aliliona, akasema, "Ala," akanimiminia chai.

Sasa nimesimama hapo. Ninaweza kupita, lango li wazi, sipiti.

Mnara ukirudi, hata kwa nusu saa, usinipigie simu kwanza. Usiniambie umefika. Njoo tu na huyo mnyama wako wa mbavu, usimame ng'ambo ya hori. Nitakuona.

Abaayo wako,
Kaltun